Mashine Haina Pua

Kambi ya Lambo, Momela
6 Juni 1954

Dada yangu Eunike,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto wote hapo Akeri. Mimi ni mzima kiasi, isipokuwa kifua. Baridi ya huku haina adabu. Nakohoa mpaka mbwa wa injinia wanabweka kunijibu.

Uliniuliza kazi ikoje. Kazi ni kinyaa kitupu. Uji una wadudu, mablanketi yana harufu ya watu waliokwishaondoka, na tunachimba lambo la kunyweshea ng'ombe wa mzungu mahali ambapo mama alikuwa akikata kuni kabla watu hawajahamishwa. Usimwambie mama ni wapi hasa. Mwambie ni mbali.

Kitu kimoja tu ndicho kinanifanya niamke. Tumeletewa katapila jipya. Lile la zamani bamba la mbele, lile la kusukumia udongo, lilikuwa likivutwa kwa kamba za chuma. Hili jipya linainuliwa kwa mafuta. Kuna tangi, kuna pampu inayonyonya mafuta na kuyasukuma kwa nguvu kwenye mabomba mpaka ndani ya silinda mbili, nazo ndizo zinazoinua bamba. Uzito wake ni kama wa ng'ombe kumi, lakini linapanda kama mkono wa mtoto anayejua jibu darasani. Injinia alisema hakuna Mwafrika atakayeuelewa mfumo huo. Nimesoma kitabu chake mara tatu, sasa mimi ndiye ninayeulizwa.

Dereva wake ni Lerionka, Mwarusha wa Lemara, masikio yametogwa mpaka yanagusa mabega. Anauliza maswali kutwa nzima. Nimemfundisha kupasha moto magaloni ya mafuta karibu na ekzosi kabla ya kumimina, maana kwa baridi hii yanakuwa mazito. Anafanya kila siku kama sala, na ananiudhi vilevile.

Yale magaloni mawili matupu niliyokuletea Pasaka yamekufaa? Mifuniko yake ni mizuri.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Nathanaeli


Akeri
16 Juni 1954

Mdogo wangu Nathanaeli,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Kahawa imeanza kuiva mibuni ya chini, na kwaya inanitafuta kila jioni kana kwamba mimi ndiye niliyeianzisha.

Mama alisikia habari ya kifua chako akasimama hapohapo. Amekutengenezea dawa, na mimi nimempa Sadoki wa lile lori linaloleta posho kambini kwenu. Utaipata wiki hii. Pakaa kifuani na mgongoni, na kidogo kunywa na chai. Usijifanye umesoma sana.

Na huyo dereva mwache aulize. Wewe ulikuwa ukiuliza kwa nini kuku hana meno, na tulikulisha hivyo hivyo.

Magaloni yanafaa sana.

Dada yako,
Eunike


Kambi ya Lambo, Momela
4 Julai 1954

Dada yangu Eunike,

Shikamoo. Poleni na kahawa, na mpe mama pole ya magoti. Dawa sikuiona. Nilimwuliza Sadoki, akasema aliishusha stoo pamoja na posho. Karani wa stoo anasema hakuna kitu chenye jina langu. Basi kuna mtu ameinywa. Watu wa kambi hii watakunywa hata maji ya betri wakiambiwa yametoka nyumbani kwa mtu. Mwambie mama asihangaike tena.

Mimi sasa nina ugonjwa mwingine, na huo ni wa katapila. Wiki mbili hizi asubuhi bamba haliinuki. Pampu inapiga kelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, bamba linatetemeka, linapanda kiganja kimoja, linaanguka. Injinia anatukana. Ikifika saa tano jua limepanda, linainuka vizuri kana kwamba asubuhi hakukuwa na kitu! Hakuna kinachonichukiza kama ubovu unaojificha fundi akija na kujitokeza mzungu akija.

Nimefanya yote. Nilipima mafuta kwenye tangi, yapo. Nilikaza viungo vya mabomba vyote nikidhani yananyonya hewa, hakuna hewa. Nilifungua ile vali inayopunguza nguvu, nikaiosha, ni safi. Nilishusha pampu, mikono ikachubuka yote, meno yake ni mapya. Kila ninapotaka kukagua chujio tunawasha injini kwanza, kama kitabu kinavyoagiza, ili mafuta yapate joto yachuruzike vizuri. Chujio linatoka safi kabisa. Injinia amesema ikifika mwisho wa mwezi ataandika Nairobi waletewe fundi Mzungu. Aliyasema mbele ya vibarua wote, na wengine walicheka.

Na juu ya hayo nina Lerionka. Mwezi uliopita, siku tulipoongeza mafuta, alinijia na galoni mkononi ananiambia, "Fundi, haya yananuka. Nusa." Nilikuwa chini ya mashine, tope limeingia mpaka kwenye sikio. Nikamwambia, "Mashine haina pua. Mimina." Akasimama bado. Nikamwambia mara ya pili kwa sauti, ndipo akamimina. Sasa vibarua wote wakiona kitu kinanuka wanasema mashine haina pua. Angalau nimewapa kitu cha kuchekea.

Mdogo wako,
Nathanaeli


Akeri
14 Julai 1954

Nathanaeli mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Mama amekasirika kuhusu dawa yake, anasema aliyeinywa atapona ugonjwa asiokuwa nao.

Nimesoma habari za katapila lako mara mbili, nikiwa nimekaa jikoni. Pampu sizijui. Lakini sufuria nazijua. Supu ikiwa jikoni huoni kitu, maji matupu. Ipue, ilale, asubuhi unakuta utando mweupe umeganda juu, mwiko unasimama wenyewe. Wewe unawasha injini kwanza ndipo unachungulia. Unachungulia supu ikiwa bado inachemka! Fungua asubuhi kabla hujawasha kitu chochote, hata kama kitabu kinakataza. Aliyeandika kitabu hajalala Momela.

Kama ni upuuzi, cheka na hao vibarua wako.

Dada yako,
Eunike


Kambi ya Lambo, Momela
25 Julai 1954

Dada yangu mpendwa sana,

Shikamoo tena na tena! Mimi ni mzima, na supu yako imenipa cheo.

Nilifungua Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, umande bado unadondoka kwenye cheni, injini baridi kama jiwe. Chujio halikuonekana, Dada. Lilikuwa limezibwa na kitu cheupe, kizito kama uji wa jana. Pampu ilikuwa inanyonya na haipati. Jua likipanda kinayeyuka na kupita, ndiyo maana mchana hatukuona kitu. Nilichota kwa kidole nikanusa. Mafuta ya mkia wa kondoo! Ndani ya mashine mpya! Nilitapika pembeni ya tairi la lori, watu wote wakiniona.

Injinia akauliza, "Nani hapa anatumia takataka hii?" Nikamjibu, "Waarusha, bwana. Wanajipaka." Sikusema uongo, wanajipaka. Na anayejaza tangi ni Lerionka peke yake. Karani wa stoo aliapa kwamba kila galoni lililotoka kwake lilikuwa na nembo ya mafuta ya mashine. Injinia siku hizi haogopi kitu kama habari za uasi wa Kenya, na anajua ardhi hii watu bado wanailia. Akasema huu si ujinga, hii ni hila. Polisi walikuja siku hiyo hiyo. Kesi itasikilizwa boma la Arusha tarehe 24 Agosti, kosa ni kuharibu mali kwa makusudi. Wanasema ni jela miaka.

Harufu ile bado iko kwenye kucha zangu. Watu wa namna hiyo, Dada, hawafai kupewa chombo cha kisasa. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari amefungwa mikono alinitazama akasema, "Fundi, sema." Sijui alitaka niseme nini.

Nimeosha mfumo wote kwa mafuta ya taa, nimejaza mafuta mapya, na bamba linapanda asubuhi na mapema. Injinia amenikabidhi funguo za karakana. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuzishika. Mwambie mama.

Mdogo wako,
Nathanaeli


Akeri
3 Agosti 1954

Nathanaeli,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitakuwa zimebaki.

Dawa ya mama ilikuwa mafuta ya mkia wa kondoo. Tulichinja yule dume mweusi kwa ajili ya kifua chako. Mama aliyachemsha, nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia kwenye moja ya yale magaloni yako mawili, kwa sababu yana mifuniko mizuri. Niliandika jina lako kwenye karatasi nikaifunga kwa kamba ya mgomba shingoni mwa galoni. Nimemkamata Sadoki Jumapili baada ya ibada. Anasema njiani mvua ilinyesha, karatasi ililowa ikadondoka, lakini galoni alilikabidhi stoo, na karani alipoona nembo alilipanga pamoja na yale mengine.

Basi kondoo ni wetu. Galoni ni lako. Na harufu uliyoitapikia ulipakwa nayo kuanzia siku uliyozaliwa mpaka ulipoanza shule ya misheni na kujifunza kuona haya. Uliijua mara moja kwa sababu ni harufu ya kitanda chako! Halafu ukasema, "Waarusha, bwana."

Nimeitoa barua yako ya tarehe 4 Julai. Ninazitunza zote kwenye sanduku la nguo za kanisani. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba Lerionka alikuletea galoni lile, akakwambia linanuka, akakuomba unuse. Yeye ndiye mtu pekee katika kambi nzima aliyegundua ubovu, tena kabla haujaingia. Ukamfokea mara mbili mpaka akamimina. Sasa unajua alitaka useme nini, na nadhani hata siku ile ulijua.

Nenda kwa injinia, nenda boma. Tarehe 24 si mbali.

Mama sijamwambia. Anajivunia funguo.

Dada yako,
Eunike


Kambi ya Lambo, Momela
10 Agosti 1954

Dada Eunike,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi silali.

Nakuomba unielewe. Nikisema dawa ilikuwa yangu, watauliza nani aliyeamuru imiminwe. Nitawekwa ndani mimi badala yake, au angalau nitafukuzwa, na injinia atakuwa amepata alichokitaka tangu mwanzo, kwamba hatuwezi. Si mimi peke yangu. Wapo vijana wawili wa Kimeru wameanza kujifunza chini yangu. Nikianguka, wanarudi kwenye sururu.

Lerionka ni mtu wa ng'ombe. Akitoka, ng'ombe wake watakuwepo, na watu wake hawaoni jela kama sisi tunavyoiona. Pengine atapewa miezi michache tu, wanazidisha wanapotisha. Mimi nikitoka nitarudia nini? Mibuni mia mbili ya baba?

Na hakuna aliyekusudia ubaya. Wewe ulituma kwa upendo, Sadoki alishusha, karani alipanga, mimi nilikuwa chini ya mashine. Mwenye kosa yuko wapi hapo?

Dada, nakuomba kama mtoto wa mama yako. Choma ile barua ya Julai. Ukishaichoma niandikie neno moja tu, "tayari," nami nitaelewa.

Mdogo wako,
Nathanaeli


Akeri
16 Agosti 1954

Nathanaeli,

Barua yako niliisoma nikaenda kunawa mikono. Sisemi hivyo kukuumiza. Nilikwenda kweli, kwa sabuni.

"Watu wake hawaoni jela kama sisi." Jumamosi nilikwenda Lemara kuwaona hao watu wake. Nilitafuta nyumba nikaonyeshwa. Mama yake ni mzee kuliko mama yetu, jicho moja halioni, amekaa mlangoni anatazama barabara kwa lile linaloona. Nilimwambia natoka Akeri, nimesikia habari, nimekuja kutoa pole. Alinipa maziwa kwenye kibuyu. Akaniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba haogopi sana, kwa sababu mwanawe alimweleza alipokwenda kumwona mahabusu, "Yuko fundi mmoja Mmeru. Yeye alikuwepo, yeye atasema." Akaniuliza kama ninamfahamu fundi huyo. Nathanaeli, nilikunywa yale maziwa mpaka tone la mwisho ili mdomo wangu uwe na kazi. Nimejichukia njia nzima kurudi, na hilo ni jambo lingine ulilonifanyia.

Kabla ya kurudi nilipita mjini. Barua yako ya Julai nilikuwa nayo kifuani, ndani ya nguo. Nilifika mpaka ngazi za boma. Askari akaniuliza nina shida gani, nikasema sina. Sikuogopa. Ningeingia, Lerionka angetoka, na wewe ungebaki maisha yako yote mtu aliyeburutwa na dada yake. Nilikubeba mgongoni mpaka ulipofika miaka minne. Inatosha.

Kwa hiyo sikuichoma. Nimeikunja ndani ya hii. Ndiyo hiyo, yenye alama ya kidole chako cha grisi pembeni. Sikuinakili, wala hakuna mwingine aliyeisoma. Ukitaka kuichoma, moto unao karibu kuliko mimi.

Usiniandikie "tayari."

Dada yako,
Eunike


Kijenge, Arusha
26 Agosti 1954

Dada yangu Eunike,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia, lakini naitoa. Niko hapa Kijenge kwa Naftali, yule tuliyesoma naye. Kesho nitakuja Akeri kwa miguu. Mwambie mama nakuja, na asichinje chochote.

Barua niliipokea tarehe 19. Nitakwambia ukweli, niliiweka juu ya jiko la karakana mara mbili. Mara ya pili ilianza kukunjamana pembeni, nikaitoa kwa vidole. Sikuitoa kwa sababu ya wema. Nilikumbuka kibuyu cha maziwa, nikaona kinyaa, na kinyaa hicho hakikuwa cha mtu mwingine tena.

Nilianza kwa injinia. Nilimweleza yote, kondoo, galoni, karani, maneno yangu. Akasema kwamba amekwisha kuandika Nairobi kuwa ni hila, na hawezi kuandika tena kwamba katapila lake lilisimamishwa na dawa ya kifua. Akaniambia nirudi kazini nisahau. Dada, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Alikuwa ananiomba kile kile nilichokuomba wewe. Nikaziweka funguo mezani pake, naye akazifutia kwenye suruali kabla ya kuzitia mfukoni.

Jumanne niliingia boma na barua mkononi. Hakimu hajui Kiswahili cha barua, kwa hiyo karani wa mahakama aliisoma kwa sauti kifungu kwa kifungu, halafu akakigeuza kwa Kiingereza. Alisoma ya sikio lililojaa tope, alisoma "Fundi, haya yananuka. Nusa." Alipofika kwenye "Mashine haina pua" alisita, akanitazama, akauliza kama ndivyo ilivyoandikwa. Nikasema ndivyo. Akairudia kwa sauti zaidi. Watu wa Lemara walikuwa wamejaa nyuma yangu, na hakuna aliyecheka.

Mimi nilifokewa na hakimu kwa kuchelewa, nikaambiwa kampuni ya injinia ikitaka kunishtaki itajua yenyewe. Injinia hakuwepo. Lerionka aliachiwa kabla ya adhuhuri.

Nilimsubiri nje, karibu na ngazi ulizoniandikia. Alitoka amekonda, mama yake amemshika kiwiko. Nikampa mkono. Hakuushika. Aliuinamia taratibu, akaunusa kama mtu anayekagua nyama, akainua kichwa akanitazama.

"Mimi nina pua, fundi," akasema, akamwongoza mama yake barabarani.

Mdogo wako,
Nathanaeli